Jiko jipya la mkaa limechakaa mapema: lisome kuanzia kitakoni

Jiko la kwanza la mkaa la kuchomea nyama nililonunua kwa pesa yangu mwenyewe lilikufa likiwa na miezi minane. Nasema lilikufa kwa sababu sikuliona likiugua. Siku moja nilishika bakuli, yaani mwili wa jiko unaobeba mkaa, nilisogeze, nikainuka nalo, kitako kikabaki chini. Nikamlaani aliyeniuzia na aliyelitengeneza, na huenda walistahili, maana bamba lilikuwa jembamba kama la mkebe wa rangi. Lakini nilipoinama kukitazama kile kitako, nilikuta juu yake donge la majivu, limelowa, limeshikana kama udongo wa mfinyanzi, limekaa palepale chuma kilipoachia. Donge lile halikutoka kiwandani.

Tangu siku hiyo nimepindua majiko mengi, yangu na ya watu, na jambo moja limejirudia mno: moto hauli jiko kama tunavyodhani. Mara nyingi kinacholila ni kile kinachobaki moto ukishazimika. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Hawakuongeza kwamba jivu likilala na unyevu nalo huzaa kutu.

Kwa hiyo kipande cha jiko jipya kikianza kuisha kabla ya wakati wake, usianze na swali la nani alaumiwe. Anza na swali la kidonda kiko wapi. Uharibifu wa kitakoni una chanzo chake, wa katikati una chake, na wa juu hivyo hivyo. Mahali ukishapajua, chanzo hakina pa kujificha.

Jiko liwe limepoa kabisa kabla hujaligusa, na "kabisa" hapa si saa mbili tatu. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kuwa hai siku nzima na zaidi, likikusubiri. Toa nyavu zote, toa trei, mwaga majivu kwenye chombo cha chuma. Uwe na tochi, bisibisi bapa, sumaku ndogo na spana inayoingia nati za jiko lako. Kisha ngoja giza, weka tochi inayowaka ndani ya bakuli, funika, ulizunguke. Mwanga ukipenya mahali pasipo na tundu la hewa, umeshapata pa kuanzia.

Yasiyo ugonjwa

Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu majiko mapya hayahusu uharibifu wowote, kwa hiyo tuyaondoe njiani.

Wavu wa stenlesi uliokuwa unang'aa ukigeuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha kahawia, haujaharibika. Ni tabaka jembamba sana la oksidi lililojengwa na joto, na halirudi lilivyokuwa hata usugue hadi jua lizame. Jiko likinuka rangi siku ya kwanza na ya pili, ni rangi inayokomaa. Wavu mzito wa chuma cha kusubu ukipata vumbi la kutu baada ya kuoshwa na kuachwa ujikaukie wenyewe, ni tabia ya chuma hicho; usugue, upake mafuta, uuweke motoni.

Na lile linalowatia watu hofu kuliko yote: magamba meusi yanayoning'inia ndani ya kifuniko na kudondokea chakula, "rangi inabanduka." Kama kifuniko chako ni cha enameli, hiyo si rangi. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kioo hakimenyuki kama ganda la kitunguu, hukatika vipande vyenye makali. Unachokiona ni moshi na mafuta yaliyoungua, tabaka juu ya tabaka. Likwangue kwa kipande cha plastiki kigumu au mpira wa karatasi ya alumini jiko likiwa na uvuguvugu, kisha pangusa. Chini yake utakuta enameli nzima, imetulia.

Trei ya majivu au kitako cha bakuli kinatoboka

Hapa ndipo majiko mengi mapya yanapofia, na hapa nitakaa.

Tazama kwanza rangi ya kidonda. Kwenye chuma cha kawaida utaona kutu ya kahawia iliyopandana tabaka tabaka, unaichoma kwa ncha ya bisibisi inabanduka kama karatasi zilizolowa zikakauka pamoja. Kwenye trei ya alumini hutaona kutu. Utaona unga mweupe na vitobo vidogo kama vya sindano, vingi, vimekusanyika pamoja. Ni magonjwa mawili tofauti yaliyoletwa na mgeni mmoja.

Majivu ya mkaa yamejaa chumvi za kalsiamu na potasiamu. Moja kati ya hizo, potasiamu kaboneti, hunyonya unyevu wa hewani bila kuhitaji tone la mvua. Majivu yakishalowa, maji yake huwa na ukali wa magadi, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo ambapo maji safi ni 7, mara nyingi ikipita 10. Watu wengi huishia hapo na kusema magadi hayo ndiyo yanayokula jiko. Kwa alumini ni kweli kabisa, na kwa bati lililopakwa zinki ni kweli pia: metali hizo mbili huliwa na maji ya magadi moja kwa moja. Lakini chuma cha kawaida hakiogopi ukali wa aina hiyo peke yake. Zege nalo lina ukali huohuo, na nondo zilizozikwa ndani yake hukaa miaka na miaka bila kutu. Kinachokiua chuma chini ya majivu ni unyevu usioondoka, ukichanganyika na kloridi, jamii ya chumvi ya mezani, zilizomo kwenye majivu yenyewe na chumvi iliyodondoka na mafuta ya chakula. Chuma kilicholoweshwa na mvua kikakauka kwa jua kina nafuu. Chuma kilichofunikwa kwa tope la chumvi wiki tatu hakina.

Ndiyo maana swali la maana si "jiko lilinyeshewa?" bali "majivu yalitoka vipi?" Yakitoka kama vumbi, yakapeperuka, unyevu haukufika. Yakitoka kwa vipande, kama keki iliyokatika, yamelowa wakati fulani hata kama jiko lako halijawahi kuona mvua. Hapo tafuta njia ya maji.

Njia iliyo wazi ni tundu la hewa la juu lililoachwa wazi usiku wa mvua. Ya pili ni turubai. Wengi hufunika jiko likiwa bado lina joto, wakidhani wanalitunza. Mvuke unakosa pa kutokea, unapoa, unageuka matone yanayoteremka kwenye kuta hadi kitakoni. Turubai lisilo na upenyo wa hewa chini linaweza kumaliza jiko haraka kuliko kuliacha wazi chini ya paa. Ya tatu ni kuzima moto kwa maji, na hiyo nitairudia kila nitakapopata nafasi kwa sababu ina madhara manne kwa mpigo: tope la majivu, enameli inayopasuka, bamba linalopinda, na mvuke unaounguza mikono. Mkaa huzimwa kwa kufunga matundu ya juu na ya chini na kuweka kifuniko. Ukinyimwa hewa hufa wenyewe, na uliobaki unautumia tena.

Kuna pia wale wanaotandika karatasi ya alumini kitakoni ili kurahisisha usafi. Karatasi hiyo huziba hewa, na chini yake maji hubaki yamekaa kimya ambapo hakuna anayeyaona. Mchanga nao hunywa mafuta na unyevu. Kama maelekezo ya jiko lako yanataka mchanga au matofali ya moto, fuata, maana yako majiko ya bamba jembamba yaliyotengenezwa kutumika hivyo. Kama hayasemi, usiweke.

Tiba inategemea bisibisi. Bonyeza ncha kwenye kutu kwa nguvu ya kidole gumba. Ikigota kwenye chuma kigumu, kutu ni ya juu tu: sugua kwa brashi hadi uone chuma, pangusa kwa kitambaa kikavu, washa moto mdogo kukausha, kisha paka ndani mafuta ya kupikia, kiasi cha kufanya kitambaa kionekane kimepita tu. Nje unaweza kupaka rangi ya kuvumilia joto. Ncha ikizama au ikatokea upande wa pili, trei ibadilishwe. Kitako cha bakuli kilichotoboka kwa ukubwa wa sarafu kinaweza kuwekwa kiraka cha bamba la chuma tupu kwa boliti mbili tatu, na kitakusogeza mbele. Kikiwa kimeoza mzunguko mzima kama langu, hakuna kiraka.

Kumwaga majivu kila baada ya moto, yakishapoa, kunachukua dakika mbili. Kama huwezi kila mara, usiruhusu yalale jiko linapokwenda kukaa wiki kadhaa bila kazi.

Wavu wa mkaa umepinda, umekonda au umekatika

Wavu wa chini, ule unaobeba mkaa, ni kipande cha kuisha. Hilo ulikubali tangu siku ya kununua. Chuma cha kawaida kikivuka nyuzi 570 hivi hujenga gamba jeusi kwa kasi. Gamba linabanduka, chuma kipya kinatokeza, nacho kinageuka gamba. Kitanda cha mkaa unaowaka vizuri kina nyuzi 700 hadi zaidi ya 1,000. Kwa hiyo kila moto unameza chuma kidogo. Kufa wavu utakufa. Linalohitaji kuchunguzwa ni kufa ndani ya msimu mmoja.

Ushike mkononi na uusome. Ukiwa umekonda katikati, nondo zake nyembamba kama zilizolambwa, na magamba meusi yanabanduka kama ya samaki, umeliwa na joto. Ukiwa bado mnene lakini umebonyea kama kitanda cha kamba kilichochoka, ulilemewa na uzito ukiwa mwekundu. Ukiwa umekatika palepale kwenye viungo vya kuchomelea huku nondo zikiwa nzima, uchomeleaji ulikuwa hafifu. Na ukiwa na kutu ya kahawia badala ya gamba jeusi, rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Tatizo lako ni maji.

Joto linazidi kwa sababu gani? Sababu ninayokutana nayo zaidi inashangaza: ni majivu tena, safari hii yakiwa makavu. Hewa inayoingia kutoka chini haifanyi kazi ya kuwasha mkaa tu, pia inaupoza wavu inapopita. Majivu yakijaa chini hadi kugusa wavu, upepo huo baridi unakatika, na nondo zinabaki zimelala kati ya makaa juu na blanketi la majivu ya moto chini. Utaona chakula kinachelewa, utadhani moto ni mdogo, utaongeza mkaa. Wavu unalipa.

Sababu ya pili ni kinyume chake, hewa nyingi mno. Feni na mashine za kupuliza hugeuza jiko kuwa tanuri la mhunzi. Mhunzi anataka chuma kilainike, wewe hutaki. Kwa kuwasha, tumia silinda ya kuwashia mkaa au subira. Sababu ya tatu ni kurundika mkaa mahali pamoja kila siku, upande uleule. Wavu wa namna hiyo huwa na shimo upande mmoja na upande wa pili una rangi ya kiwandani.

Halafu kuna nafasi. Nondo ya chuma yenye urefu wa sentimita 50 ikipashwa nyuzi 600 hurefuka kwa karibu milimita 4, na ya stenlesi hurefuka zaidi. Wavu uliobanwa kati ya kuta za bakuli au ukafungwa kwa boliti pande zote hauna pa kurefukia, hivyo unainuka au unazama. Ukiutoa unakuta umekuwa sahani. Huo haukuharibiwa na wewe. Unaweza kuupiga ukarudi bapa, lakini bila kuukata kidogo pembeni utapinda tena siku hiyohiyo.

Ukinunua mwingine, tazama unene wa nondo kuliko mng'ao wake. Nondo ya milimita 6 inaonekana kuizidi ya milimita 4 kwa kiasi kidogo tu, lakini ina chuma mara mbili na robo, na ukaidi wake wa kupinda ni mara tano. Wa stenlesi ya kromu asilimia 18 na nikeli 8 huvumilia kupashwa na kupoa hadi kwenye nyuzi 870 bila kumenyuka ovyo, na ukiupata wenye nondo nene utausahau. Sumaku itakusaidia kiasi, ila usiifanye hakimu: iko stenlesi isiyo na nikeli ambayo sumaku huishika barabara, na bado ni stenlesi. Kila baada ya mioto michache, pindua wavu juu chini. Ule uliobonyea kidogo hujinyoosha wenyewe kwa uzito wa mkaa.

Jambo moja la hatari nisilolipitia haraka. Usibadilishe wavu wowote wa jiko kwa waya wa uzio, wavu wa madirisha au kitu chochote kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, joto ambalo mkaa hulifikia kabla hata hujakaa, na mafusho yake huleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Rafu ya jokofu kuukuu nayo usiiweke motoni. Huwezi kujua ilipakwa nini.

Wavu wa juu unashika kutu au unamenyuka

Wavu unaogusa chakula huharibiwa zaidi na usafi kuliko uchafu. Namna yake inategemea umetengenezwa na nini.

Ule mwepesi unaong'aa, uliokuja na jiko la bei ndogo, kwa kawaida ni waya wa chuma uliopakwa kromu au nikeli kwa unene mdogo sana. Ukiukwangua kwa chuma mara kadhaa, ngozi hiyo inakwisha na kutu huanza kwenye makutano ya waya. Hauna tiba. Ukianza kumenyuka utupe, usile vipande vyake. Wa enameli huanza na kitobo kimoja: mtu kaudondosha, au kakwangua kwa kisu. Kutu inaingia kwenye kitobo, inatambaa chini ya kioo, kioo kinainuka. Huo unataka brashi ya nailoni au kikwangulio cha mbao, wavu ukiwa na uvuguvugu. Wa chuma cha kusubu unataka mafuta kila baada ya kazi na usilale ndani ya maji. Basi.

Stenlesi ndiyo inayowachanganya watu: "mbona wameniambia haishiki kutu?" Huwa nauliza brashi. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya stenlesi, na zinazoota kutu ni zile chembe. Sugua kwa brashi ya stenlesi au kitambaa cha kusugulia chenye ukwaruzo laini, kutu inatoka, chini ni safi. Lakini ukiona vishimo vidogo vilivyochimbika, hapo chumvi au dawa ya klorini ya kufulia imefanya kazi, na wanaoishi karibu na bahari wataviona mapema hata bila dawa. Na brashi yoyote ya waya, hata iwe nzuri namna gani, ikague kila mara: unywele mmoja uliokatika ukanasa kwenye wavu unaweza kuishia kooni kwa mtu. Mimi nilishaacha kuzitumia kwenye wavu wa chakula.

Tabia nyingine inayofupisha maisha ya wavu wa juu ni kuuchoma ili usafike, yaani kufunika jiko na kuacha moto wote uliobaki uunguze mabaki kwa saa nzima. Dakika kumi zinatosha. Zaidi ya hapo unachoma wavu.

Rangi inavimba, enameli inakatika

Kwa jiko lililopakwa rangi, tazama umbo la kidonda. Malengelenge yaliyojikusanya upande mmoja wa ukuta yanasema mkaa ulisukumwa ukagusa bamba. Rangi nzuri ya kuvumilia joto huishia kwenye nyuzi 600 hadi 650, na kaa jekundu lililoegemea ukutani linavuka hapo. Rangi inayobanduka kwa shuka kubwa, safi, mahali ambapo hakuna dalili ya joto, huku chuma cha chini kikiwa laini na kinang'aa, inasema bamba lilipakwa likiwa na mafuta ya kiwandani. Hiyo ni hoja yako ya kurudi dukani.

Hali ya tatu ni jiko lililopewa moto mkubwa siku ya kwanza. Rangi za aina hii hukomaa kwa kupashwa polepole, kwa hiyo moto wa kwanza uwe mdogo, kifuniko wazi kidogo, nusu saa au saa nzima bila chakula.

Enameli haitibiki nyumbani, ila sababu zake ni chache: pigo, maji baridi juu ya chuma cha moto, au boliti iliyokazwa kupita kiasi. Nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui kuzunguka tundu la boliti hazina maelezo mengine. Kausha kidonda, ng'arisha kutu kwa msasa mdogo, nje paka rangi ya joto, ndani paka mafuta.

Matundu ya hewa yamekwama

Wengi huona hili kama usumbufu mdogo. Mimi naliweka karibu na mwanzo wa mlolongo mzima: tundu lisilofungika halizimi mkaa, mwenye jiko anachoka kusubiri, anachota maji. Yaliyobaki nimeshayaeleza.

Kinachokwamisha ni gundi ya mafuta na majivu, mara nyingi si kutu. Usipige nyundo. Washa mkaa kidogo, mafuta yalainike, vaa glavu, sogeza kifuniko cha tundu nyuma na mbele kwa milimita chache hadi kiachie, kisha kwangua uchafu jiko likipoa. Ribiti iliyolegea hadi tundu halifuniki vizuri itoe kwa kuichimba, weka boliti ya stenlesi na nati ya kujifunga, ikazwe kiasi cha kuruhusu mzunguko. Vifuniko vya alumini vilivyo chini ya bakuli vitazame kwa ule unga mweupe niliousema. Vikishaanza kutoboka, badilisha vyote kwa pamoja.

Miguu inacheza, kifuniko hakikai, kishikio kimelegea

Kaza nati baada ya moto wa pili au wa tatu, jiko likiwa baridi. Chuma kinapanuka na kusinyaa, rangi iliyobanwa chini ya nati inalainika na kukonda, na kilichokuwa kimekazwa kiwandani kinabaki na mwanya. Jiko lililoachwa likicheza hupanua matundu yake yenyewe, na tundu likishakuwa yai hakuna spana itakayosaidia, isipokuwa washa pana pande zote mbili. Kwenye enameli tumia washa kila mara, na ukihisi nati imegota, acha.

Kifuniko kisichokaa vizuri kipime kwa ukanda wa karatasi: weka karatasi ukingoni, funika, vuta. Inapoteleza bila kukaza, pana mwanya. Kama kimedondoka, kiweke sakafuni uone kinapobonyea. Cha bamba tupu unaweza kukirudisha kwa mikono, cha enameli kitakatika ukijaribu. Moshi mdogo pembeni si tatizo.

Kishikio cha mbao kikipasuka, jiko limekaa juani mno. Kikiungua upande wa chini, moto unapanda ukingoni, na mkaa ni mwingi kuliko jiko. Kipimajoto cha kifunikoni kikisoma ajabu, kitoe, uzamishe ncha yake kwenye maji yanayochemka. Usawa wa bahari kisome 100, na kila mita 300 za kupanda toa nyuzi 1. Kikikosea kwa 20, ni cha kubadilisha.

Lini kosa ni la kiwanda

Wavu uliokatika kwenye viungo, rangi iliyobanduka bila joto, kutu inayotokea chini ya rangi nzima kwenye kingo zilizokatwa ndani ya wiki chache, matundu ya boliti yasiyo na enameli kabisa, wavu usio na nafasi ya kutanuka: hayo hayakutokana na matumizi, na una haki ya kuyadai.

Piga picha kabla hujasafisha, kabla hujapaka chochote, kabla hujachimba tundu. Picha moja ya jiko zima, moja ya karibu na rula pembeni, moja ya lebo yenye namba ya toleo. Weka risiti. Soma maneno ya dhamana kwa makini, maana nyingi hutenganisha kutu ya juu na kutu iliyotoboa, hulipa ya pili tu, na huziacha nyavu nje kwa hoja kwamba ni vipande vya kuisha. Kwa wavu wa chini, hoja hiyo ni ya haki.

Mimi lile bakuli langu nililibeba kama lilivyokuwa, kitako mkono mmoja na mwili mkono mwingine, dhamana ya mwaka mzima mfukoni. Aliyenipokea hakuuliza chochote. Aligonga lile donge la majivu kwa ukucha, likatoa mlio wa jiwe, akalitazama, akanitazama, akanirudishia kitako changu taratibu kwa mikono miwili.